Gesti ya mbwa

Nyumbani kwetu Goba, kwenye ukuta wa jikoni, kumebandikwa ratiba ya swala. Sisi ni Walutheri. Mgeni akiiona hushangaa, na mama hana haraka ya kumweleza.

Ratiba ile ni ya mbwa. Msikiti uko nyuma yetu, nyumba ya tano, na kipaza sauti chake kimeelekea kwetu. Muadhini akianza adhana ya alfajiri, ile sauti ndefu ya kuvutwa huwaingia mbwa sijui mahali gani. Mmoja ananyanyua shingo analia uuuu, na wenzake kumi na tatu wanaitikia. Mwanzoni tuliona aibu hata kutoka nje. Watu wanapita kwenda kuswali, sisi tunaporomosha kwaya. Baba alijaribu kuwakemea, zikawa kelele juu ya kelele. Mama ndiye aliyepata dawa. "Mdomo wenye ugali haulii," alisema, na tangu siku hiyo ndoo za chakula zinatoka jikoni robo saa kabla ya adhana. Mpaka tumalize kugawa, muadhini ameanza na mbwa wengi bado wana sufuria usoni. Saa ya adhana husogea kidogo kidogo mwaka mzima, nasi tunasogea nayo. Ratiba mpya hutuletea bibi jirani, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja. Huyo bibi nitamrudia.

Mtaani wanapaita gesti ya mbwa. Ukimwambia bodaboda pale kituoni "nipeleke gesti", anakuuliza kwanza, "Ya watu au ya mbwa?" Zamani tulikuwa tunanuna. Siku hizi hata baba akijitambulisha kanisani anasema hivyo hivyo.

Ilianza 2008. Mama alikuwa anafanya kazi za ndani Oysterbay kwa familia ya Waholanzi, na likizo ya Julai ilipofika wakamwomba alale pale wiki sita amwangalie mbwa wao. Mama akawaambia ana mume na watoto wawili, kulala kwao hawezi, ila mbwa anaweza kulala kwake. Goba ya wakati ule ilikuwa mikorosho na miembe, nyumba moja hapa, nyingine kule, na barabara ya vumbi ambayo masika ikiingia inageuka bwawa. Mbwa akashushwa kwenye gari na kitanda chake, bakuli zake mbili na gunia la chakula. Mimi nilikuwa darasa la sita, na godoro langu lilikuwa jembamba kuliko lake.

Siku tatu hakutii neno. Baba amekulia kijijini na mbwa wa kulinda mahindi, akatoa hukumu kwamba huyu ni mjinga. Kumbe hajui Kiswahili, wala Kiingereza hajui. Mama akakumbuka maneno aliyokuwa akiyasikia jikoni kwa mabosi wake: zit, kom, af. Baba akasimama katikati ya uwanja, akaangalia huku na huku kama kuna mtu anamwona, akasema "zit". Mbwa akakaa. Baba akacheka mpaka naye akakaa.

Waholanzi waliporudi wakamkuta mbwa wao amenenepa, wakawaambia wenzao. Julai iliyofuata tulikuwa na wanne. Baada ya miaka miwili mama aliacha kazi Oysterbay, baba akapiga tofali, na kaka yangu akaacha kuota kuwa dereva wa malori. Leo tuna mabanda kumi na manne, na kila banda lina historia ya kosa fulani.

Chukua paa. Mabanda ya kwanza baba aliyaezeka makuti, kwa sababu makuti yana ubaridi, na mchana wa Januari hapa Dar es Salaam ubaridi ni nusu ya tiba. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Ana kidogo tu kwenye nyayo, joto lingine sehemu kubwa analitoa kwa kuhema. Kwa hiyo hesabu ya baba ilikuwa sahihi, ila aliwasahau kupe. Yule kupe wa mbwa, wa rangi ya kahawia, hafanani na kupe wa ng'ombe anayengoja majanini. Huyu ni wa nyumbani. Akishiba damu anadondoka, anapanda ukuta, anatafuta ufa au upenyo wa paa, na jike mmoja anataga mayai maelfu humo humo. Sisi tulikuwa tunaogesha mbwa Jumamosi, Jumatano wamejaa tena. Tukalaumu dawa, tukabadili duka, tukaongeza kipimo. Siku moja daktari wetu wa mifugo, mzee mstaafu, alichomoa kuti moja pale juu, akaomba shuka jeupe, akaligongea kuti hilo juu yake. Mama hakulitumia tena shuka lile.

Makuti tukayachoma. Sasa ni bati, lakini limeinuliwa juu na kati yake na ukuta kuna nafasi ya upepo kupita, na tumeacha mwembe na miarobaini ifunike. Kuta zote zimepigwa lipu laini hata kwa ndani, na dawa tunapulizia ukuta kwanza, mbwa baadaye. Nyufa tunaziziba kila mwezi wa pili, kabla ya mvua. Mtu akiniomba ushauri wa kujenga banda namwambia aanze na fundi lipu, rangi na maua vitafuata.

Lakini mabanda ni sehemu rahisi. Kazi yenyewe ni kujua mbwa huyu, aliye mbele yangu leo, kwa kawaida yukoje. Mbwa hasemi "naumwa". Anachofanya ni kuacha kitu kidogo alichokuwa akikifanya jana, na kama hukujua alikuwa akifanya nini jana, hutaona chochote mpaka amelala chini. Anayekijua kitu hicho kidogo ni mwenye mbwa, na mwenye mbwa akifika getini kwetu na mabegi yake yako kwenye gari, anawaza ndege tu.

Ukimuuliza, "Anakula nini?" anajibu, "Chochote." Hakuna mbwa anayekula chochote. Tulimpokea mmoja kutoka kwenye ghorofa za Upanga, familia ya Kihindi, wakasema ni hivyo hivyo, anakula chochote. Tulimpikia ugali wa dona na utumbo kutoka Vingunguti, chakula ambacho wenzake wanakililia, akanusa akageuka. Siku mbili. Siku ya tatu mama alikuwa anakula chapati kwa choroko, mbwa akaja akaketi mbele yake kwa adabu, macho kwenye sahani. Alikuwa hajawahi kuonja nyama maishani. Mwezi mzima mama alisukuma chapati kwa ajili ya mbwa, na mimi nikapigiwa simu na mwenye mbwa anifundishe "besi" na "aav" kwa Kigujarati, kaa na njoo. Tangu hapo swali letu limebadilika. Tunauliza, "Jana jioni alikula nini, na kwenye chombo gani?" Hapo mtu analazimika kukumbuka jambo lenyewe.

Swali la kuuma ndilo kaka alilolitengeneza mwenyewe, baada ya kushonwa nyuzi sita mkononi. Ukiuliza, "Anauma?" kila mtu anasema, "Huyu? Mpole kabisa." Kaka sasa anafungua kaunta buku, anashika kalamu kama karani wa mahakama, anauliza, "Mara ya mwisho kuuma ilikuwa lini?" Mke na mume wanaangaliana. Hapo ndipo tunapoandika.

Kwenye kaunta buku kila mbwa ana ukurasa. Anamaliza chakula kwa muda gani. Choo saa ngapi, kikoje. Analala ubavu gani. Anabweka akiona nini, pikipiki, kuku, mtu mwenye mwavuli. Wapo walioniona nikiandika "amejisaidia saa moja na robo, kigumu" wakacheka. Mimi najua ukurasa huo umeokoa mbwa zaidi ya mmoja.

Na najua pia siku ambayo hatukuandika.

Desemba ya 2014 tulikuwa tumejaa. Desemba ndiyo mavuno yetu, kwa sababu mbili zinazogongana: wageni wa Masaki na Oysterbay wanapanda ndege kwenda kwao, na Wachaga wanapanda magari kwenda Moshi kuhesabiwa. Mchaga hakosi Krismasi nyumbani, na njia ya Chalinze, Segera na Same si ya kumbeba Rottweiler katikati ya watoto na magunia ya mchele. Basi tulikuwa tumejaa, na shangazi yangu, dada wa baba, akaja na mtoto wa mbwa wa miezi mitatu aliyemnunulia mwanawe. Kadi ya chanjo hana. "Walisema wamemchoma sindano kule kule," alisema. Mama akamwangalia baba. Baba akaangalia chini, akasema taratibu, "Ni dada yangu, nimwambie nini?" Tukamweka kichanga yule banda la mwisho.

Siku ya tatu hakula. Siku ya nne akaanza kutapika, kisha kuharisha damu, na ile harufu ikatoka. Aliyewahi kuinusa hahitaji kipimo. Daktari alifika jioni, hata hakuvua viatu, akasema parvo.

Naeleza kwa ajili ya anayetaka kufuga. Parvo ni kirusi kinachotoka kwa kinyesi kwa wingi sana, kinatembea kwenye viatu, kwenye ndoo, kwenye nyayo za mbwa mwenzake. Sabuni ya kawaida haikiui. Kwenye udongo wa kivulini kinakaa miezi, hata mwaka. Wanaokufa zaidi ni watoto wa mbwa, na wale ambao chanjo yao haikukamilika. Sasa fikiria kwamba sisi wakati ule tulikuwa na fagio moja la chelewa kwa mabanda yote. Kaka alianza kufagia banda la mwisho kila asubuhi kwa sababu ndilo lililo karibu na bomba, kisha akapanda nalo mpaka la kwanza.

Walikufa watatu. Kichanga wa shangazi, kichanga mwingine, na jike mmoja mkubwa ambaye chanjo yake ilikuwa imepitiliza na sisi hatukuangalia tarehe. Wa nne aliponea kwenye dripu. Usiku wa Krismasi umeme ulikatika, kaka akasimama na chupa ya dripu juu ya kichwa chake na tochi ya simu mdomoni, nadhani saa mbili nzima, akibadilisha mikono. Hakuna aliyekula pilau siku ile, na mama alikuwa ameshaipika.

Kupiga simu baba hakumwachia mtu. Alikwenda kusimama chini ya mwarobaini, tukamwona anatembea hatua tatu, anageuka, hatua tatu, anageuka. Mwenye yule jike alikuwa Moshi, na nyuma ya sauti yake ulisikika muziki na watu wakicheka. Baba alipomaliza kueleza, kule kukawa kimya, muziki tu, kisha yule bwana akauliza, "Mmemzika wapi?" Alikuja Januari, akaonyeshwa, akasimama pale dakika chache, akaondoka. Mwaka uliofuata aliniletea mbwa mwingine, na kadi aliitoa mfukoni kabla sijasalimia. Mwenye kichanga wa pili hakurudi, na mtaani kwake alitusema vibaya. Namwelewa. Hakusema uongo.

Tulifagia, tukasugua, kisha tukamwagia jiki, sehemu moja kwa maji thelathini. Sharti uchafu utoke kwanza, maana jiki juu ya kinyesi haifanyi kazi. Fagio tukalichoma. Udongo wa uwanjani tukauchimba, tukamwaga zege lenye mteremko na mfereji. Watoto wa mbwa hatukupokea mwaka mzima. Leo kila banda lina fagio lake, mpini umepakwa rangi yake, na fagio jekundu likionekana kwenye banda la bluu mama hutoa sauti ambayo hata mbwa wanaijua. Asiye na kadi haingii, na chanjo iwe imepita wiki mbili angalau, kwa sababu mwili unahitaji muda. Shangazi alizunguka ukoo mzima akisema kwetu mbwa wa ndugu anadaiwa pasipoti. Alinuna mwaka na nusu. Baba alimlipia mbwa mwingine, na bado alinuna.

Ya Desemba hayaishii hapo. Mkesha wa mwaka mpya ni fataki, na sikio la mbwa si sikio letu. Kuna mwaka, mmoja wa jamii ya German Shepherd alitafuna wavu wa chuma mpaka ufizi ukatoka damu, mbwa ambaye mchana alikuwa amelala na kuku mgongoni. Siku hizi saa nne usiku tunafunika mabanda kwa maturubai, tunafungulia redio, na sote tunakaa katikati ya uwanja kwenye viti vya plastiki. Mama anaimba nyimbo za kwaya. Hana sauti nzuri, ila haibadiliki, na nadhani hicho ndicho wanachokitaka. Sijawahi kuupokea mwaka mpya kanisani tangu 2012, na mchungaji ameshaacha kuuliza.

Joto nalo. Watu wa mji huu wananunua Husky, mbwa wa barafu, wanamleta Dar es Salaam aishi nao kando ya bahari. Sitasema zaidi. Tunaye mmoja anayekuja kila Julai na kila Desemba, na mchana wote yumo ndani ya karai kubwa la kufulia, kidevu kimeegemea ukingo, anatuangalia kama mzee aliyedhulumiwa shamba. Matembezi yetu ni kabla ya saa moja asubuhi na baada ya saa kumi na mbili jioni. Kwenye lami ya mchana ukiweka kiganja ukashindwa kuhesabu mpaka kumi, basi nyayo zake nazo zitashindwa. Joto la mwili wa mbwa mzima ni kati ya 38 na 39, kwa hiyo ukimshika ukaona ana moto usikurupuke. Ikifika 41 ndiyo hatari, na hapo maji ya kawaida tumboni na miguuni, feni, halafu daktari.

Nimesema nitamrudia bibi jirani.

Alitutangulia Goba. Wakati tunaanza alikuwa anatoka mara moja moja, shuka jeusi kichwani, tasbihi mkononi, anapita upande wa pili wa njia. Siku moja mbwa mmoja alichimba chini ya ukuta, akatokea uani kwake, akanywa maji kwenye ndoo aliyoiandaa kwa udhu. Nilikimbia kumfuata, nikamkuta bibi amesimama mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mchukue mwenzio."

Nilimwona anaiosha ile ndoo mara saba, moja kwa udongo, bila kuharakisha na bila kutuangalia. Jioni mama alikwenda na ndoo mpya. Bibi akaipokea, akamkaribisha, akamwambia, "Mbwa sina ugomvi naye, jirani, ni kiumbe cha Mungu. Ila mate yake abaki nayo kwenu." Baba aliongeza ukuta kozi mbili, na chini akamwaga zege. Nilidhani amefanya hivyo kwa hofu. Baadaye nikaona anafanya hivyo kwa kila alichokiheshimu.

Bibi huyo huyo, miaka kadhaa mbele, ndiye aliyewapigia hodi watu wa mtaa Septemba moja ilipokaribia tarehe 28, siku ambayo dunia inakumbushana kuhusu kichaa cha mbwa. Wataalamu wa mifugo walikuwa wanatafuta mahali pa kuchanjia, tukawapa uwanja wetu. Watoto walijazana na mbwa koko wao wamefungwa kamba za manila, wengine vipande vya kanga, mmoja amembeba wake kwenye ndoo. Mama aliwapanga mstari na kuwapa hotuba yake, ambayo naijua kwa moyo: ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa, nenda bombani, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, halafu hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo, hata kama kidonda ni kidogo, kwa sababu ugonjwa ukishaonyesha dalili hautibiki. Bibi alisimama ng'ambo ya njia, akitaja kwa sauti nyumba ambazo hazijaleta mbwa.

Sasa Bosi. Bosi aliletwa Machi 2017 na bwana mmoja nadhifu mwenye Prado nyeusi. Chotara wa Rottweiler, miaka mitatu, kifua kama meza. Yule bwana alikuwa mteja wa kuota: kadi kamili, chakula kimepimwa kwa vifuko, maswali yote ya kaka ameyajibu mpaka kaka akakosa la kuuliza. Alilipia wiki mbili taslimu. Anakwenda Afrika Kusini kibiashara, alisema. Alipoinama kumuaga, alimsemesha mbwa sikioni maneno ambayo hatukuyasikia.

Wiki mbili zikaisha, namba haipatikani. Mwezi. Miezi sita. Kila injini ya Prado iliyopita njiani Bosi alisimama, mkia umenyooka, akingoja ipunguze mwendo. Baba anaamini yule bwana alifariki. Mama anaamini alikimbia madeni. Kaka anasema alimchoka tu, na kwamba watu huwa hivyo. Mimi huwa nakumbuka yale maneno ya sikioni na nashindwa kukubaliana na yeyote kati yao. Sasa kila mteja tunachukua namba ya mtu wa pili, ndugu au rafiki, na tunampigia mbele yake asikie simu inaita. Kwenye kaunta buku nimechora mstari kwa ajili hiyo. Katika maswali yetu yote ya ujanja, la kurudi hatukuwahi kuliuliza.

Kwa kuwa hakuwa tena mgeni, Bosi alihamia karibu na jiko, na akawa wa kwanza kupewa chakula. Ndoo ikigusa sakafu alfajiri, alibweka mara moja, sauti nene, kama mtu anayefunga mlango wa stoo. Mara moja tu, kila siku.

Usiku mmoja, mwaka 2022, tulisikia ukutani, "Jirani! Jirani wee!" Mama akatoka na kitenge. "Yule mwenye sauti nene leo hajaijibu pikipiki ya mkaanga chips," alisema bibi. "Hupita saa nne, naye humjibu. Leo kimya." Tulikwenda na tochi. Bosi alikuwa amelala, damu inachuruzika puani, fizi nyeupe kama karatasi. Homa ya kupe, ule ugonjwa tuliojisifu kwamba tumeuzika pamoja na makuti. Ukurasa wake wa siku ile niliuandika mimi mwenyewe jioni: amekula, kawaida. Alikunywa doksisaiklini wiki nne, na akapona. Bibi hakuwahi kumgusa mbwa yeyote maisha yake yote, lakini alikuwa na kaunta buku lake kichwani, refu kuliko langu, na nilianza kumuuliza. "Bibi, wa jana vipi?" Na yeye, akimwagilia mchicha wake: "Yule mdogo alilia mpaka saa nane. Yule wa kukohoa hakukohoa."

Bosi alikufa mwaka 2024, Juni, usingizini, mgongo umeegemea mlango wa jiko. Kaka alimchimbia chini ya mwarobaini. Kesho yake ndoo zilitoka, tukagawa, adhana ikaja ikapita, sufuria zikalambwa.

Saa mbili asubuhi bibi alikuwa ukutani.

"Jirani, leo mmenifanya nini? Alfajiri imenipita kidogo."

"Adhana hukuisikia, bibi?"

"Adhana naisikia nikiwa nimeshakaa kitandani. Mimi naamshwa na yule bwana wenu. Akibweka najua nina muda wa kutia udhu." Akanyamaza, akatazama upande wa jiko. "Yuko wapi?"

Mama alimwambia.

Alfajiri iliyofuata niliamka kusaidia ndoo. Mama alinipita na mwiko wa ugali mkononi, akaenda mpaka ukutani gizani, akaugonga ukuta mara moja. Akasubiri. Upande wa pili mtu alikohoa, kisha tukasikia maji yakimiminwa kwenye birika.